Kabla Hujaomba Mkopo wa Nyumba, Funga Fuliza

Swali hili hunifikia kila mwezi, na sura zake ni nyingi. Mmoja ni mfanyakazi wa kiwanda Baba Dogo, mwingine ana kinyozi, mwingine anauza mitumba, mwingine ni wa bodaboda. Wote wanaishi Lucky Summer, Nairobi, au mitaa ya jirani, wote wanalipa kodi kila mwezi, wote wana mikopo miwili mitatu ya simu na pengine mmoja wa Sacco. Na wote huuliza: "Nataka kwangu kabla watoto hawajamaliza shule. Nianze na kuweka akiba, kununua ploti, au kulipa madeni?"

Anza na madeni, tena yale madogo. Mkopeshaji wa nyumba huchunguza vitu viwili: wewe na karatasi ya ardhi. Watu wengi hukimbizana na amana peke yake. Wakishaipata baada ya miaka minne, ndipo wanagundua kwamba jina lao lina doa, au kwamba ile ploti waliyoipenda haina karatasi ambayo benki yoyote itaishika.

Andika kila deni, hata la dukani

Chukua daftari. Usiandike kwenye simu. Simu ndiyo iliyokuingiza humu. Huu hapa mfano wa ukurasa mmoja:

- Fuliza: 3,000
- Mkopo wa simu wa kwanza: 6,500, umepita tarehe kwa siku 12
- Mkopo wa simu wa pili: 4,000, unaiva Ijumaa
- Simu ya kulipia mdogo mdogo: 65 kwa siku, imebaki miezi mitano, yaani 9,750
- Sacco: 84,000, makato ya kila mwezi 4,900
- Duka la chini ya ploti: 2,350
- Shemeji: 10,000, hakuna tarehe

Jumla ni 119,600. Mwenye ukurasa kama huu ukimuuliza anadaiwa kiasi gani, atakwambia "kama tisini hivi", kwa sababu deni la duka halioni kuwa deni, la shemeji amelisahau, na la simu analiita "ile sitini na tano ya kila siku".

Pembeni mwa kila deni ongeza mambo matatu: linakula kiasi gani kwa siku au kwa mwezi, lina tarehe gani, na nani ataumia ukichelewa. Hilo la tatu ndilo litakalokusaidia kupanga foleni.

Lipi lianze kulipwa

Wengi huanza na deni kubwa kwa sababu ndilo linalowanyima usingizi. Mimi nasema anza na lile linalokula zaidi kwa kila shilingi.

Tazama Fuliza, mkopo wa M-Pesa wa kutumia zaidi ya salio lako. Kwa bei zilizoanza Oktoba 2022, ukichukua zaidi ya shilingi 2,500 unatozwa asilimia 1 mara moja, kisha shilingi 25 kila siku hadi ulipe. Kwa shilingi 3,000 zilizokaa siku 30, hiyo ni 30 na 750, jumla 780, bado ushuru. Sacco inayotoza asilimia 1 kwa mwezi ingekutoza shilingi 30 kwa pesa hizohizo. Unalipa 780 kwa kitu cha 30, halafu mwezi unaofuata unarudia.

M-Shwari, mkopo mwingine wa simu ulioanza Novemba 2012, hutoza ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, na ushuru juu yake. Ni nafuu kuliko Fuliza iliyolala mwezi mzima, lakini ukiirudia kila mwezi kwa mwaka, ada peke yake hukaribia deni lenyewe. Hustler Fund, mfuko wa serikali uliozinduliwa Novemba 30, 2022 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, ni kati ya mikopo ya simu yenye riba ya chini kabisa. Shida yake ni kwamba kiwango cha watu wengi ni kidogo na muda wake ni siku 14 tu.

Kwa mwenye lile daftari, foleni yangu ingekuwa hivi:

1. Mkopo wa simu uliopita tarehe. Huu unatangulia hata Fuliza, kwa sababu ndio unaokimbilia CRB, rekodi ya mikopo nitakayoieleza mbele. Piga simu, uliza kama adhabu inaweza kuondolewa ukilipa yote kwa mara moja au mbili, na upate jibu kwa maandishi kabla hujatuma senti.
2. Fuliza, kwa awamu. Nitaeleza hapa chini.
3. Mkopo wa simu wa pili. Lipa, usichukue tena.
4. Duka. Mpe mwenye duka 500 kila wiki bila kukosa. Halina riba, lakini ndilo litakalokupa unga siku mshahara ukichelewa.
5. Simu ya mdogo mdogo na Sacco viendelee kama vilivyo. Usiruke makato ya Sacco hata mwezi mmoja, kwa sababu wadhamini wako ndio watakaokatwa.
6. Shemeji. Usimkwepe. Mwambie tarehe, hata ikiwa mbali: "Shemeji, sijasahau. Kuanzia mwezi wa nne nitakuletea elfu mbili mbili." Deni la ndugu likikosa tarehe hugeuka ugomvi wa Krismasi.

Utaniambia: "Nikifunga Fuliza, tarehe ishirini nitakula nini?" Swali la haki. Fuliza hujilipa yenyewe mara tu pesa zikiingia kwenye laini, kwa hiyo mshahara ukifika unakuta umeshapungua, na kufikia katikati ya mwezi umerudi kukopa. Huwezi kukata mduara huo kwa siku moja.

Ukate hivi:

- Mwezi wa kwanza, pesa zikiingia, nunua kwanza vitu vya wiki mbili za mwisho: unga, mafuta, maharagwe, gesi. Chakula kilicho ndani ya nyumba hakichukuliwi na Fuliza.
- Badala ya 3,000 chukua 2,000. Mwezi wa pili usipite 1,000.
- Elfu moja ni mpaka wa kuuheshimu. Kati ya 501 na 1,000 ada ni shilingi 6 kwa siku, na siku tatu za kwanza hazitozwi. Ukivuka kwa shilingi moja tu, ada inaruka hadi 18 kwa siku.
- Ikifika sifuri na mwezi ukapita bila kuigusa, piga *234# ujiondoe kabisa.

Na kama una kawaida ya kubeti, nakwambia bila kukuhubiria: mkopeshaji atakuomba taarifa ya M-Pesa ya miezi sita au kumi na miwili, na kila mia mbili uliyotuma kwa kampuni ya kamari imo humo, kwa tarehe na saa. Afisa wa mikopo huanza kusoma hapo.

CRB: ya kweli na ya uvumi

Mtaani CRB huzungumzwa kama jela. Kwa kweli ni daftari la historia yako ya mikopo. Kampuni zilizopewa leseni na Benki Kuu ni tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Humo yumo anayelipa vizuri na asiyelipa. Kwa hiyo "niko CRB" si habari; cha kuuliza ni wanasema nini juu yako.

Haya ndiyo ya kushika:

- Deni huhesabiwa kuwa baya likipita siku 90 bila kulipwa.
- Tangu kanuni za 2020, deni lisilofika shilingi 1,000 halipaswi kupelekwa huko kama taarifa mbaya.
- Mkopeshaji anapaswa kukujulisha siku 30 kabla ya kupeleka jina lako.
- Ukishalipa, rekodi hubadilika na kuonyesha umelipa, lakini historia ya kuchelewa hubaki miaka mitano. Ndiyo sababu nakwambia uanze sasa, usingoje mwaka unaotaka kuhamia kwako.
- Una haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka kutoka kwa kila kampuni. Iombe kwa zote tatu, maana si kila mkopeshaji hupeleka taarifa kote.
- Cheti cha kuonyesha huna deni baya kwa kawaida hulipiwa. Kwa miaka mingi bei imekuwa shilingi 2,200. Usikinunue kabla ya kusoma ripoti ya bure, la sivyo utalipa ili uambiwe ulichokuwa unakijua.

Ukikuta kosa, kwa mfano mkopo uliolipa bado unaonyesha haujalipwa, usiishie kupiga simu. Andika barua pepe kwa mkopeshaji, ambatisha ujumbe wa M-Pesa wenye namba ya malipo, nakala ipeleke kwa kampuni ya CRB yenyewe. Mwezi ukipita, omba ripoti upya uone kama limerekebishwa.

Onyo: hakuna mtu wa "kukufuta CRB" kwa elfu tatu. Anayekwambia ana mtu wake ndani amekutambua kuwa una wasiwasi, basi.

Kuna wanaongoja msamaha. Ni kweli Novemba 2022 Benki Kuu ilileta mpango wa wakopeshaji kusamehe angalau nusu ya mikopo ya simu iliyokwama, na mpango huo ukaisha Mei 2023. Ukija mwingine, vizuri. Lakini mtu anayepanga kununua nyumba hapangi kwa kungoja tangazo.

Wanaopigia mama yako simu

Kanuni za Machi 2022 za watoaji mikopo ya kidijitali zinakataza vitisho, matusi, na kutumia majina yaliyo kwenye simu yako kuwatumia watu ujumbe ukichelewa kulipa. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alitoza kampuni moja ya mikopo faini ya karibu shilingi milioni 3 kwa mambo ya aina hiyo. Wakikufanyia, hifadhi picha za ujumbe, andika tarehe, peleka malalamiko kwa Kamishna na kwa Benki Kuu. Angalia pia kama kampuni iko kwenye orodha ya Benki Kuu ya waliopewa leseni.

Kulalamika hakufuti deni. Endelea kulipa huku unalalamika.

Kwa deni la benki lililokwama miaka mingi, jua kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki: riba inayoongezwa baada ya mkopo kuharibika haiwezi kupita salio lililokuwepo siku ulipoharibika. Ukiona 40,000 ya zamani imekuwa 190,000, omba hesabu yote kwa maandishi na umwonyeshe wakili.

Kudhamini ni kukopa

Hapa ndipo watu wazuri huumia. Kwenye Sacco, ukimdhamini mwenzako akiba yako hufungwa kwa deni lake. Akiacha kazi akarudi kwao, wewe ndiye unayekatwa. Hata akilipa vizuri, siku unapotaka mkopo wako wa ploti utaambiwa akiba yako haiko huru.

Kabla ya kuanza safari ya nyumba, iombe Sacco orodha ya wote uliowadhamini na salio la kila mmoja. Wengi hushangaa kukuta majina ya watu walioacha kazi zamani. Unaweza kuomba kubadilishwa, lakini mkopaji lazima alete mdhamini mwingine, na hilo huchukua miezi.

Kukataa nako kuna namna. Usitoe hadithi ndefu, maana kila sababu atakayoisikia atakutafutia dawa yake. Sema: "Ndugu yangu, hisa zangu nimezifunga kwa ajili ya ploti. Kudhamini siwezi, lakini nina elfu mbili hapa, si mkopo." Elfu mbili za zawadi ni rahisi kuliko elfu themanini za udhamini.

Mzigo unaoweza kuubeba

Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yote ya mshahara kupita theluthi mbili. Wa 45,000 lazima abaki na 15,000 mkononi. Lakini usiichukue hiyo kama ruhusa ya kufika huko. Kwa mtu wa Nairobi mwenye watoto shuleni, mimi husema theluthi moja kwa nyumba na madeni mengine yote pamoja.

Riba nayo hubadilisha mambo. Mkopo wa milioni 3 kwa miaka 20:

- kwa asilimia 9.5, ni kama 28,000 kwa mwezi
- kwa asilimia 14, ni zaidi ya 37,000 kwa mwezi

Kama hizo namba zimekutoa jasho, huko peke yako. Mwisho wa 2023 nchi nzima ilikuwa na mikopo ya nyumba ya benki kama 30,000 tu. Wakenya wengi wenye nyumba hawakupitia huko.

Jaribio rahisi: kama unalipa kodi 9,000 na unatarajia kulipa 20,000 kwa nyumba, weka ile tofauti ya 11,000 kwenye akiba kila mwezi kwa miezi sita bila kuigusa. Ukishindwa mwezi wa tatu, nyumba ya 20,000 kwa mwezi si yako bado. Ukifaulu, una 66,000 na una jibu.

Milango iliyopo

*Sacco.* Kwa kawaida unakopa hadi mara tatu ya akiba yako. Huu ndio mlango wa wengi: mkopo wa ploti kwanza, wa kujenga baadaye, chumba kimoja kimoja. Hakikisha Sacco ina leseni ya SASRA, msimamizi wa Sacco, na usivutwe na gawio kubwa peke yake.

*Mikopo inayopitia KMRC.* Kampuni hii ilianza kazi 2020. Hukopesha benki na Sacco kwa bei nafuu ili nazo zikukopeshe kwa riba ya chini ya asilimia 10, kwa muda mrefu. Haimkopeshi mtu moja kwa moja. Uliza benki au Sacco yako: "Mna mkopo wa nyumba wa KMRC? Kiwango chenu cha mapato ni kipi?" Kama huna hati ya mshahara, watataka kuona biashara yako ikipita mahali pamoja. Kwa hiyo wa kinyozi na wa mitumba, pokeeni malipo kwa Pochi la Biashara au till, msichanganye na laini ya nyumbani. Fedha za mfukoni hazina shahidi.

*Boma Yangu.* Kwenye mfumo huu wa serikali wa nyumba za bei nafuu unajiandikisha kwa kitambulisho na PIN ya KRA, unaweka akiba polepole kuelekea amana, ambayo Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 iliiweka kuwa asilimia 10. Mei 2025 nyumba 1,080 za kwanza za Mukuru zilikabidhiwa wenyewe, kwa hiyo anayesema ni hewa tupu hajafika huko. Lakini jua mambo mawili: kujiandikisha si kupewa, na huwezi kuiuza nyumba baadaye bila idhini ya bodi ya mpango huo. Akiba yote iingie ndani ya mfumo wenyewe. Mtu wa "kukupigania namba" kwa M-Pesa yake ni mwizi.

*Pensheni.* Kama umechangia mfuko wa pensheni wa kazini, tangu 2020 unaweza kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yako kununua nyumba ya kuishi, isipite milioni 7. Fikiria mara mbili kama umepita miaka 50.

*Chama.* Merry-go-round ni nzuri kwa amana, mbaya kwa kukopa na kukopesha ndugu. Andikeni katiba hata ya ukurasa mmoja.

Karatasi ya ardhi

Sasa kile kitu cha pili, na hapa sitaharakisha. Unaweza kuwa msafi kama maji ya kisima, bila deni hata la mkate, na benki bado ikakunyima kwa sababu ya karatasi ya muuzaji.

Upande huu wa jiji ardhi nyingi ilipita kwenye kampuni za kununua ardhi, vyama na ugawaji wa baraza la zamani la jiji. Ndiyo maana utauziwa jengo la ghorofa tano au nusu ya ploti kwa:

- cheti cha hisa cha kampuni ya ardhi,
- barua ya kugawiwa ploti,
- makubaliano yaliyogongwa muhuri na wakili, yanayosema "fulani amemuuzia fulani",
- au hati miliki yenyewe.

Ni hiyo ya mwisho tu ambayo benki huishika kama dhamana, na hata yenyewe inachunguzwa. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilitoa maamuzi mawili ambayo kila mnunuzi wa Eastlands anapaswa kuyajua. Aprili, katika kesi ya Dina Management ya Mombasa, ilisema hati miliki peke yake haitoshi kama chimbuko lake halikuwa halali. Septemba, katika kesi ya Torino Enterprises, iliyohusu ardhi ya Embakasi, ilisema barua ya kugawiwa ardhi haikupi umiliki. Yaani hata kilicho juu kabisa ya rundo la karatasi lazima kifuatiliwe hadi kwenye mzizi.

Hatuhitaji kwenda mbali kuona hasara. Mei 2020, hapo Kariobangi penye mitambo ya maji taka, maelfu ya watu walibomolewa nyumba, na wengi walikuwa na karatasi walizozilipia. Mei 2024, baada ya mafuriko, serikali ilibomoa nyumba zilizo ndani ya mita 30 kutoka kingo za mito ya Nairobi. Ukionyeshwa ploti ya bei rahisi inayoteremka mtoni, sasa unajua bei hiyo imetoka wapi.

Fuata hatua hizi, kwa mpangilio huu:

1. Omba namba ya ardhi na nakala ya hati kabla ya kwenda kuona ploti. Muuzaji anayetaka uone kwanza uipende ana sababu.
2. Fanya upekuzi rasmi wewe mwenyewe. Ardhi ya Nairobi hupekuliwa kwenye Ardhisasa, iliyoanza Aprili 2021. Usikubali upekuzi alioufanya muuzaji wiki iliyopita.
3. Linganisha jina kwenye upekuzi na kitambulisho cha anayekuuzia. Kama ni la marehemu, uliza hati za urithi kutoka mahakamani. "Sisi watoto tumekubaliana" haitoshi.
4. Angalia kama kuna rehani au zuio lililosajiliwa.
5. Mlete mpimaji akuonyeshe mipaka. Nunua ramani. Hesabu hatua hadi mtoni, barabarani, chini ya nyaya za umeme.
6. Tumia wakili wako, si wa muuzaji. Mauzo ya ardhi lazima yaandikwe, yatiwe saini na kushuhudiwa.
7. Lipa kwa benki, kwa akaunti ya wakili au ya muuzaji mwenyewe aliyetajwa kwenye hati.
8. Tenga pesa za juu ya bei: ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, kwa hiyo nyumba ya milioni 3 ina 120,000 zaidi, kisha wakili na uthamini. Wanaonunua kwa mara ya kwanza chini ya mpango wa nyumba nafuu wa serikali wamesamehewa huo ushuru.

Wale wanaokimbilia Joska, Malaa au Juja Farm, maneno ni yaleyale, na moja zaidi. Ploti nyingi za "hamsini kwa mia" huuzwa kwa malipo ya polepole huku hati bado ni moja, ile hati mama ya shamba zima. Uliza: mgawanyo umeidhinishwa? Hati za ploti zimetoka? Nikishindwa kumaliza, narudishiwa kiasi gani na lini? Basi la bure la Jumamosi na soda havijibu maswali hayo. Na usilipe ada ya kushikilia ploti siku hiyohiyo. Ikiwa Jumatatu imeshanunuliwa, zipo zingine.

"Lakini jirani yangu alinunua kwa cheti cha hisa na yuko mpaka leo." Ni kweli, wako wengi. Kama una pesa taslimu na umekubali hatari hiyo, ni uamuzi wako. Usikope kwa ajili yake. Mkopo wa Sacco wa miaka minne juu ya ploti yenye kesi ni mizigo miwili kichwani.

Makosa yanayojirudia

- Kuchukua mkopo wa simu ili kukamilisha amana ya nyumba. Mkopeshaji atauona kwenye taarifa.
- Kuomba mikopo sehemu tano kwa wiki moja. Kila ombi huacha alama CRB, na ukionekana unabisha kila mlango, wanauliza una nini.
- Kuchukua pikipiki au gari kwa mkopo mwaka unaotaka nyumba.
- Kumficha mwenzi. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa yake, kwa hiyo siku ya kusaini atajua kila kitu, mbele ya wakili.
- Kwenda kwa shailoki na kuacha hati. Hati ya ardhi haiachwi mezani kwa mtu kwa ajili ya karo ya shule.

Mawili matatu mnayouliza sana

*Mimi ni kibarua, nalipwa kwa wiki. Nina nafasi?* Unayo, lakini njia yako ni Sacco na Boma Yangu kabla ya benki. Weka kila Jumamosi kiasi kilekile, hata 300. Mkopeshaji hupenda 300 zisizokosa kuliko 5,000 zinazokuja zikipotea.

*Nimalize madeni yote kwanza ndipo nianze akiba?* Hapana. Malizia ya simu na Fuliza. Yale ya riba ndogo yaende sambamba na akiba, la sivyo shida ya kwanza ya hospitali itakurudisha kwenye *234#.

*Riba ya mkopo wa nyumba inapunguza kodi ya KRA?* Ndiyo, kwa nyumba unayoishi mwenyewe, kwa mkopo wa taasisi zinazotambuliwa na sheria. Tangu mwisho wa 2024 kikomo ni riba ya shilingi 360,000 kwa mwaka. Peleka cheti cha riba kwa mwajiri.

*Nimemaliza kulipa nyumba. Kuna lingine?* Lipo, na wengi hulisahau kwa furaha. Omba barua ya kumaliza deni na hati ya kuondoa rehani, kisha uisajili kwenye ofisi ya ardhi. Bila hivyo upekuzi utaendelea kuonyesha kwamba benki inakudai, na watoto wako ndio watakaozunguka ofisini miaka ishirini baadaye. Chukua hati yako halisi, fanya upekuzi mpya kwa jina lako, na uombe ripoti ya CRB ya mwaka huo uhakikishe mkopo umeandikwa umefungwa.